Kanzu ya Apolo na Shela ya Sista

Mwishoni mwa mwaka 1896 mwalimu mmoja wa Injili kutoka Buganda alivuka mto Semliki akaingia Boga, kusini mwa mahali ulipo leo mji wa Bunia. Jina lake la ubatizo lilikuwa Apolo, lakini watu walimjua zaidi kwa jina la utani: Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya. Walimwita hivyo kwa sababu ya koti la Kizungu alilopenda kulivaa juu ya kanzu yake. Waanglikana wa Kongo wanamhesabu kuwa baba yao katika imani. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933, na huko ndiko alikozikwa.

Husimuliwa mengi juu yake: jinsi mtawala wa Boga, Tabaro, alivyomkataa mwanzoni, jinsi alivyopigwa na kufungwa, jinsi alivyorudi palepale alipofukuzwa. Mimi kila nikisikia habari zake mawazo yangu hubaki kwenye ile kanzu. Kanzu haikuzaliwa Buganda. Iliingia huko katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, ikapendwa katika jumba la mfalme, Kabaka, na baadaye wasomaji wa Biblia nao wakaivaa kama nguo ya mtu safi, mtu aliyesoma. Kwa hiyo nguo aliyoingia nayo Boga mhubiri huyu wa Kikristo ilikuwa nguo ya Waislamu wa pwani, na juu yake koti la Mzungu. Aliyetaka kumtambua Apolo dini yake kwa kuangalia mavazi angekosea.

Ninaanza na Apolo kwa sababu leo Bunia kuna watu wanaotambuliwa dini kwa mavazi kila asubuhi, kwenye mlango wa kazi, na wengine wanakosa kazi kwa kutambuliwa hivyo. Jambo hili lina historia ndefu katika mkoa wetu wa Ituri, na wengi wetu hatukuisoma shuleni.

Msituni, upande wa magharibi, kanzu ilikuwa imefika kabla ya Apolo. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipoukata msitu wa Ituri akimtafuta Emin Pasha, wapagazi wake zaidi ya 600 walikuwa wameandikishwa Unguja, na alipofika Ipoto aliwakuta watu wa Kilonga-Longa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, wamekwisha kujenga na kulima. Watu hao waliitwa Waungwana. Hawakuja kwa upole. Walichoma vijiji, waliteka wanawake na watoto, na wazee wa msituni bado wanayo masimulizi ya siku hizo. Lakini pamoja na bunduki zao walileta lugha. Wabelgiji waliipa jina la wenyewe, wakaiita Kingwana, na hicho ndicho Kiswahili kinachohubiriwa leo katika makanisa ya Bunia kila Jumapili. Tumeipokea lugha ya Mwungwana tukaifanya yetu. Kofia yake tumeendelea kuiogopa.

Hofu hiyo ilipandwa na serikali. Katika Mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885, kifungu cha 6, mataifa ya Ulaya yaliahidi uhuru wa dhamiri na wa ibada katika bonde la Kongo, kwa wenyeji na kwa wageni pia. Miaka 7 baadaye Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II iliingia vitani na wakubwa wa Kiarabu na Kiswahili wa Maniema, vita vilivyodumu kuanzia 1892 hadi 1894. Walioshindwa walibaki nchini, wakakaa katika vijiji vyao, na toka hapo mtu mwenye kanzu akawa mtu wa kuangaliwa. Kwa muda wote wa utawala wa Wabelgiji Uislamu ulihesabiwa kuwa jambo la usalama kuliko jambo la ibada, na shehe aliyesafiri alikuwa mtu wa kuandikiwa ripoti.

Sasa mwangalie askari aliyetumwa kumchunga shehe huyo. Force Publique, jeshi la koloni, lilivaa nguo ya buluu, mshipi mwekundu kiunoni, na kichwani tarbushi nyekundu. Ndiyo, tarbushi ileile ya Misri na Uturuki. Hata walipobadilishiwa nguo wakavaa kaki, tarbushi ilibaki. Walikuwa nayo walipoivamia Afrika Mashariki ya Wajerumani na kuingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Hakuna afisa aliyeona kwamba tarbushi inaharibu nidhamu ya kazi, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeigawa.

Mwangalie na padri. Umisionari wa Kikatoliki katika Bunia na jirani zake uliongozwa na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, na mavazi yao yalitoka hukohuko: kanzu nyeupe ya Waarabu wa Algeria, joho jeupe juu yake, chechia nyekundu kichwani, na rozari shingoni. Lavigerie aliwavika hivyo ili wafanane na watu waliotumwa kwao. Basi katika Ituri ya mwanzoni mwa karne ya 20 mtu angeweza kuwakuta njiani wanaume watatu, Mwungwana, askari wa Force Publique na padri, na vichwa vyao au miili yao ikawa na nguo za ukoo mmoja. Mmoja tu kati yao ndiye aliyeulizwa anakwenda wapi.

Kazi za kalamu zilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo ilifanya mapatano na Vatikani, na misheni za Kikatoliki zikapewa ardhi kwa sharti la kufungua shule. Shule ilikuwa ya misheni, na aliyetaka kuwa karani, mwalimu au muuguzi alipita mikononi mwa misheni. Dhahabu ilipokwisha kugunduliwa Kilo, na kampuni ya Kilo-Moto ikakua hadi kuwa mwajiri mkubwa kuliko wote katika pande hizi, daftari za mishahara zilishikwa na watu waliotoka katika madarasa hayo. Mtoto wa Mwislamu alikuwa na njia mbili: abaki kwenye biashara ya baba yake, ushonaji na udereva, au aende kwa mapadri, na huko mara nyingi alirudi na jina jingine. Ndiyo maana mpaka leo utawakuta Waislamu wengi sokoni na wachache sana maofisini. Anayewaambia wanapenda biashara kuliko elimu hajui historia hii.

Kwa haki ni lazima niwataje na masista. Hao ndio walioleta vazi la dini kazini kwa maana halisi ya neno. Sista hakuvua shela alipoingia wodi ya wazazi. Hakuivua alipofundisha hesabu, alipopima dawa, alipoendesha gari la misheni kwenye matope. Kwa vizazi sasa mgonjwa wa Ituri amechomwa sindano na mwanamke aliyefunika nywele zake kwa ajili ya Mungu, na hakuna mganga mkuu aliyewahi kusema kwamba kitambaa hicho kinazuia kazi. Wapo waliolipa kwa maisha yao utawa huo. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu aliuawa Isiro, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kwa kukataa kuwa mke wa mkubwa wa waasi. Mwaka uliofuata walipoufukua mwili wake waliutambua kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa mfukoni mwa nguo yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Picha yake, kichwa kimefunikwa, iko katika nyumba nyingi za Bunia, na hakuna anayeitazama akafikiri habari za hatari.

Wengine hawakupewa heshima hiyo. Simon Kimbangu alianza kuhubiri mwaka 1921, akahukumiwa kifo mwaka huohuo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu, familia kwa familia, wakatupwa katika mikoa ya mbali. Kanisa lao lilitambuliwa tarehe 24 Desemba 1959, miezi 6 kabla ya uhuru. Kijani na nyeupe wanazovaa leo bila woga ni rangi za kanisa la watu waliofungwa. Bapostolo nao, walioingia kutoka Rhodesia katika miaka ya 1950 na mafundisho ya Johane Maranke, wanaume wenye ndevu ndefu na vichwa vilivyonyolewa, wamezoea tangu zamani kuonwa kama watu wasiofaa kuajiriwa.

Halafu akaja Mobutu, akawavua wote.

Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire. Mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni aliweza kufungwa miaka 5. Kardinali Joseph-Albert Malula, aliyepinga, ilimbidi aondoke akakae Roma kwa miezi kadhaa. Suti na tai zikawa kosa, mwanaume wa ofisini akavaa abakosti, koti lisilo na tai, na kifuani beji ya MPR, chama cha Mobutu. Mwanamke akakatazwa suruali, sketi fupi na wigi, akaambiwa avae kikwembe. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za taifa, misalaba na sanamu zikashushwa kutoka kuta za shule, hospitali na ofisi, ikabaki picha ya Rais peke yake. Shule za makanisa zikataifishwa, kisha mwaka 1977, serikali iliposhindwa kuziendesha, zikarudishwa kwa mapatano.

Watu wa umri wangu walilelewa na wazazi waliopita katika miaka hiyo, na nadhani hatujaitafakari ipasavyo. Mobutu alisema anatuondolea nguo za kigeni turudi kwenye asili yetu. Lakini mfanyakazi aliyefika asubuhi mlangoni mwa ofisi alikuwa na swali moja tu: nimevaa anavyotaka mkubwa, au sivyo? Yule Mkatoliki aliyeficha medali ndani ya shati na yule Mwislamu aliyeacha kofia nyumbani walikuwa katika hali moja. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii wengi walionja kile ambacho wachache walikuwa wakionjeshwa toka mwanzo. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tai zikarudi. Misalaba ilikuwa imekwisha kurudi. Mazoea ya mkubwa kuamua mwili wa mdogo uvaeje hayakuondoka na abakosti.

Vita vya Ituri, kuanzia 1999, viliufanya mji wa Bunia kuwa mji wa maofisi. Kabla yake ulikuwa mji wa ng'ombe, dhahabu na biashara ya Uganda. Kuanzia mwaka 2003, kikosi cha Ulaya cha Artemis kilipoingia mwezi wa Juni na MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ikafuata kwa nguvu zaidi, kila nyumba yenye ukuta kwenye Boulevard de la Libération na mitaa ya jirani ikapata kibao cha shirika. Vijana waliokuwa hawana pa kwenda wakawa madereva, walinzi, wakalimani, wahasibu, wauguzi. Askari wa Umoja wa Mataifa walitoka Bangladesh, Pakistan, Nepal, Morocco. Watu wa Bunia waliona wanajeshi wenye ndevu, walisikia adhana ikitoka ndani ya kambi, na walilala usingizi kwa sababu wanaume hao walikuwa macho. Tarehe 25 Februari 2005, karibu na Kafe katika Djugu, askari 9 wa Bangladesh waliuawa katika shambulio la kuvizia, wakiwa katika kazi ya kuwalinda wakimbizi wa ndani. Ningependa tarehe hiyo ifundishwe katika shule zetu.

Miaka ilivyosonga wakaja ADF. Kundi lililotoka Uganda, likajificha katika misitu ya Beni, likahamia Irumu na Mambasa, likajitangaza kuwa sehemu ya Dola ya Kiislamu. Wameua watu wetu kwa mapanga, mashambani na njiani. Woga wa watu ni wa kweli na simlaumu anayeogopa. Lakini woga huo umemwangukia jirani asiyehusika. Tarehe 1 Mei 2021 Shehe Ali Amini alipigwa risasi akafa msikitini Beni wakati wa sala. Alikuwa akiwapinga hadharani wanaoua kwa jina la dini yake. Siku chache baadaye, tarehe 6 Mei, hali ya kuzingirwa, yaani mkoa kuongozwa na wanajeshi, ilianza Ituri na Kivu ya Kaskazini. Tangu wakati huo mwenye kanzu na ndevu anasimamishwa kwenye vizuizi mara nyingi kuliko wengine, na dada mwenye ushungi anaangaliwa mara mbili. Ng'ambo ya mto Kongo, serikali ya Brazzaville ilikwisha kupiga marufuku nikabu ya kufunika uso mwaka 2015, na wapo hapa wanaosema tufuate. Tofauti kati ya nikabu inayofunika uso na ushungi unaoacha uso wazi hawaitaji.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama nje ya lango la shirika fulani, jina nalihifadhi, nikimsubiri mtu. Akaja dada mwenye umri kama wa miaka 25, jile ya kazi mkononi. Mlinzi alimjua. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu, "Dada, unajua." Dada akajibu, "Najua, kaka." Akageukia ukuta. Akatoa pini moja moja kwenye ushungi wake, akizishika kwa midomo, halafu akazitia ndani ya kikopo kidogo cha vaselini kilichokuwa tupu. Akaukunja ushungi mara nne, akauweka chini kabisa kwenye mkoba. Chini ya ushungi alikuwa na wigi, imekwisha kuchanwa tayari. Akavaa jile, akaingia. Yote hayo hayakuchukua dakika mbili. Mikono yake ilikuwa imezoea. Wigi ambayo mama yake angekamatiwa wakati wa Mobutu sasa ndiyo iliyomruhusu kuingia kazini.

Sikumuuliza kitu, nilimsubiri mtu wangu nikaondoka. Lakini nilikwenda kuzisoma sheria, na nilichokuta kilinishangaza.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na haki ya kuionyesha dini yake, peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani, mradi asivunje sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Kuionyesha hadharani, ndivyo ilivyoandikwa. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi wa dini katika elimu na katika kupata kazi za serikali. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu, na kwamba hakuna mtu atakayedhulumiwa katika kazi yake kwa ajili ya asili yake, jinsia yake, maoni yake au imani yake. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 62, inaitaja dini kwa jina kati ya mambo yasiyoweza kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kongo pia ni mwanachama wa Mapatano namba 111 ya Shirika la Kazi Duniani juu ya ubaguzi kazini tangu mwaka 2001.

Na kuna kifungu ambacho kila mtu wa Ituri angepaswa kukijua kwa moyo. Kifungu cha 61 cha Katiba kinaorodhesha haki ambazo haziwezi kuguswa hata hali ya kuzingirwa ikiwa imetangazwa. Pamoja na haki ya kuishi na katazo la mateso, umo uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Jenerali anayeongoza mkoa anaweza kufunga barabara na kuweka saa ya watu kulala. Haki hii haimo mikononi mwake, sembuse mikononi mwa mkuu wa ofisi.

Huwa nasikia jibu moja: "Lakini Kongo ni nchi isiyo na dini, kifungu cha 1 kinasema." Kweli kinasema, ila kinaisema Jamhuri. Jamhuri ndiyo isiyo na dini. Muuguzi anayo, dereva anayo, na Jamhuri isiyo na dini ndiyo hasa inayokatazwa kuchagua kati ya shela ya sista na ushungi wa dada yule. Mwajiri mwenye kumruhusu wa kwanza na kumkatalia wa pili ameingiza dini ofisini, dini yake yeye.

Fikra kwamba ofisi safi ni ofisi isiyoonyesha dini imetujia kwa njia ya Kifaransa, na Ubelgiji yenyewe inaendelea kubishana nayo. Samira Achbita alikuwa mpokeaji wageni Antwerp katika kampuni ya G4S. Alipotaka kuvaa hijabu kazini aliachishwa mwaka 2006. Tarehe 14 Machi 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kampuni inaweza kukataza alama zote za dini, za siasa na za falsafa, ikiwa kanuni ni moja kwa wote na inafuatwa bila upendeleo. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilikaza masharti: mwajiri lazima aonyeshe haja ya kweli. Sikubaliani na njia hiyo. Lakini hata kwa kipimo hicho kigumu ofisi nyingi za Bunia zingeshindwa, kwa sababu kanuni yenyewe haijaandikwa popote na haimgusi mwenye msalaba shingoni.

Marekani walichukua njia nyingine. Mwaka 2008 huko Tulsa, msichana Mwislamu wa miaka 17, Samantha Elauf, aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch akiwa amevaa kitambaa cheusi kichwani. Alinyimwa, kwa sababu kitambaa hakikulingana na mtindo wa duka. Tarehe 1 Juni 2015 majaji 8 kati ya 9 wa Mahakama Kuu walimpa haki: mwajiri hawezi kumkwepa mwombaji ili tu asije akalazimika kuiheshimu dini yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Afrika. Mwaka 2007, katika gereza la Pollsmoor, Cape Town, askari magereza 5 walifukuzwa kwa kukataa kukata rasta zao. Baadhi walikuwa Warastafari, wengine Waxhosa waliofuga nywele kwa wito wa mizimu. Wakubwa walisema nidhamu na usalama. Wanawake katika kazi ileile walikuwa na rasta na hawakuguswa. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Rufani, na mwaka 2013 majaji wakasema hapakuwa na ushahidi wowote kwamba nywele zile zilipunguza utendaji wa kazi. Kufukuzwa kule kulikuwa ubaguzi. Hapo ndipo penye swali ambalo kila mkubwa wa kazi Bunia angepaswa kuulizwa: tuonyeshe kazi iliyoharibika.

Kwa maana ipo kazi inayoweza kuharibika, na hilo nalo tulijifunza wenyewe. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Katika kituo cha matibabu barakoa ya kuchuja hewa haikai sawasawa juu ya ndevu nene. Hewa inapita pembeni. Hapo mwenye ndevu ananyoa au anapewa kazi nyingine, na shehe yeyote mwenye elimu atakwambia kulinda uhai kunatangulia. Ushungi nao unaweza kuwa kofia ya kubana, ya kitambaa safi, ndani ya vazi la kinga. Mgodini, helmeti inakaa juu ya kitambaa chembamba. Ugumu mkubwa kuliko huo ulikuwa maiti. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandika tangu 2014, pamoja na viongozi wa dini, utaratibu wa mazishi salama yenye heshima: Mwislamu anatayamamiwa bila kuguswa moja kwa moja na anapewa sanda, Mkristo anaombewa na familia inakaribishwa kwa umbali. Kama mwili uliojaa Ebola uliweza kuzikwa bila kuidharau dini ya marehemu, sioni dawati la uhasibu linavyoweza kushindwa na kitambaa cha kichwa.

Nawageukia wenye kuajiri. Kama mna kanuni ya mavazi, iandikeni, itieni sahihi, ibandikeni ukutani, na muandike sababu yake. Ikiwa sababu ni usalama, semeni hatari gani na katika kazi ipi. Ikiwa hamwezi kuiandika kwa sababu mtaona aibu ikisomwa, iacheni. Msimtume mlinzi aseme kwa sauti ya chini neno ambalo ninyi hamwezi kulisema kwa sauti ya juu.

Nawe uliyeambiwa uvue, au unyoe, au usirudi: omba uambiwe kwa maandishi. Tafuta wenzako wawili walioona. Usianze na mahakama, kwa kuwa kwa Kanuni ya Kazi shauri halipokelewi huko kabla ya kupita kwa Inspekta wa Kazi ili ajaribu kuwapatanisha. Nenda kwake kwanza, na uondoke na karatasi yake mkononi. Wakishindwa kupatana, njia ya mahakama iko wazi. Kwa kifungu cha 63, mwenye mkataba usio na kikomo aliyeachishwa bila sababu halali ana haki ya kurudishwa kazini, na asiporudishwa, mahakama inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 36. Kama wewe ni mtumishi wa serikali una sheria yako ya mwaka 2016, na vifungu vya Katiba nilivyovitaja ni vyako vilevile.

Nawe mwenzangu Mkristo unayefanya kazi katika ofisi hizo, unayeingia na msalaba wako shingoni bila kuulizwa neno: siku dada yule atakapokataa kugeukia ukuta, simama upande wake mbele ya Inspekta, useme uliyoyaona.